Gari za Mkorea: sura ilibadilika lini, ubora ulibadilika lini, na kwa nini ubishi hauishi

Ukitaka kuanzisha ubishi kijiweni saivi taja Kia au Hyundai. Mmoja atakwambia hayo ni makopo, mwingine atakwambia jamaa saivi wanawasumbua mpaka Wajerumani, na wa tatu, ambaye mara nyingi ndo fundi, atakaa kimya kwanza alafu atauliza spea utatoa wapi. Wote watatu wana ushahidi wao na ndo maana ubishi hauishi, kila mmoja kichwani ana gari ya mwaka mwingine na nchi nyingine.

Ninavyoona mimi kinachowachanganya watu ni kuchukua sura na ubora kama kitu kimoja, kwamba Wakorea walikuwa wabaya alafu siku moja wakaamka wazuri. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kuna kipindi gari zao zilikuwa na sura ya maana na ubora mbovu, kikaja kipindi ubora umepanda ila sura imepooza, alafu vyote viwili vikakutana na hapo hapo injini moja ikaja kutia doa. Na sifa mtaani ikawa inafuata nyuma kwa miaka kumi au zaidi. Ngoja tuende taratibu.

Hyundai Motor ilianzishwa 1967 na mzee Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima aliyetajirikia kwenye ujenzi. Kazi ya kwanza ya kiwanda chao cha Ulsan ilikuwa kuunganisha Ford Cortina, yaani gari ya watu. Mzee akataka ya kwake. Akamchukua Muingereza George Turnbull aliyekuwa bosi British Leyland, kampuni ya magari ya Uingereza, injini na gia boksi wakapata Mitsubishi, na bodi wakaenda kumlipa Giorgetto Giugiaro wa Italia, huyu huyu aliyechora Golf ya kwanza ya Volkswagen. Ikatoka Pony, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Turin 1974, ikaingia sokoni 1976. Kwa hiyo mtu akikwambia Wakorea walianza na gari mbaya za kuangalia mwambie hapana, walianza na mchoro wa Muitaliano bora wa zama zile, mistari imenyooka, gari ndogo safi kabisa.

Shida ilikuwa kwingine. 1986 wakaingia Marekani na Excel, nayo Giugiaro aliichora, bei dola 4,995, na mwaka wa kwanza tu wakauza zaidi ya 168,000, rekodi kwa kampuni ya nje inayoingia pale mara ya kwanza. Watu walinunua kwa bei, kwamba kwa hela ya mtumba unapata gari mpya. Baada ya miaka michache kutu ikaanza kula, plastiki za ndani zikapasuka, injini na gia boksi zikaanza kusumbua kabla ya wakati, na aliyeinunua akitaka kuiuza hapati mtu. Hapa ndo jina lilipoharibika na liliharibika vibaya sana, maana gari ya bei ya chini inanunuliwa na mtu ambaye hana hela ya pili, ikimfia barabarani hasahau, anamsimulia mtoto wake, na mtoto akikua akawa na hela yake anapita mbele ya duka la Hyundai bila hata kugeuza shingo. Ukisikia sifa mbaya ya gari za Korea huko Marekani mzizi wake mkubwa ni Excel.

Miaka ya 90 ikaisha vibaya. 1997 Kia ikafilisika kwenye ule mtikisiko wa uchumi wa Asia, Hyundai ikainunua 1998, Daewoo, kampuni nyingine ya magari ya Korea, nayo ikaja kuanguka na sehemu kubwa ikaishia mikononi mwa General Motors ya Marekani. Hyundai kwenyewe akashika usukani Chung Mong-koo, mtoto wa mzee, mtu aliyekuwa ametokea upande wa sevisi, yaani yeye alishaona gari zikirudi zimeharibika. Kuna kisa kinasimuliwa sana kwamba alienda Ulsan akafungua boneti ya gari mpya akakuta waya zinaning'inia, mipira imezongana na boliti zimepakwa rangi tofauti tofauti, akawaka. Boliti ya rangi tofauti haizimishi gari. Ila inaonyesha pale kiwandani kila mtu anafunga anavyojua yeye, na palipo na hivyo kuna boliti nyingine ndani usiyoiona haijakazwa.

Alafu wakafanya kitu ambacho wengi walidhani ni wazimu. Mwishoni mwa 1998 wakatangaza Marekani waranti ya miaka 10 au maili 100,000, kama kilomita 160,000, kwa injini na gia boksi, kwa mnunuzi wa kwanza. Watu wanaitaja hii kama ujanja wa matangazo na kweli ilileta wateja, lakini kazi yake kubwa ilikuwa ndani ya kampuni. Kabla ya hapo injini ikifa mwaka wa sita hasara ni ya mwenye gari, baada ya hapo hasara ni ya Hyundai. Ghafla mhasibu na injinia wanataka kitu kimoja, ile gasketi ya bei rahisi iliyokuwa inaokoa senti kadhaa saivi inaweza kuja kula mamilioni, basi wanabadilisha gasketi. Kama ubora usingepanda waranti ile ingewamaliza.

2004 yakatoka matokeo ya J.D. Power, kampuni ya Marekani inayouliza wenye magari matatizo waliyopata, ya ubora wa mwanzo na chapa ya Hyundai ikawa juu ya chapa ya Toyota, matatizo 102 kwa kila gari 100 na Toyota 104. Dunia ya magari ilishtuka.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye fundo lenyewe. Neno ubora kila mtu analitumia kivyake. Ile takwimu ya 2004 inapima siku 90 za kwanza za gari mpya: taa imegoma, mlango unapiga kelele, redio haieleweki, kitufe kimekaa vibaya. Kuna kipimo kingine cha J.D. Power kinaangalia gari zenye miaka mitatu, huko Kia ilikuja kushika namba moja ya chapa zote 2022, ikiwa mbele ya chapa za kifahari zote. Alafu kuna kipimo cha tatu ambacho hakuna kampuni inayokipima kwa ajili yetu, nacho ni gari ikifika miaka 15 na kilomita laki tatu, imepita kwenye vumbi, imewekewa oili ya bei rahisi na imefanyiwa kazi na mafundi wanne tofauti, bado inawaka asubuhi? Mmarekani anayebadilisha gari kila baada ya miaka minne akisema Kia ni bora hasemi uongo. Fundi wa Ilala akisema nipe Toyota naye hasemi uongo. Wanajibu maswali mawili tofauti, na ubishi mwingi ninaousikia ni watu wawili wa namna hii wanapigana bila kujua kwamba hawajakutana.

Sasa sura. Wakati ubora unapanda pale miaka ya 2000 mwanzoni, dizaini ndo ilikuwa imelala. Waliachana na Giugiaro wakawa wanachora wenyewe, na walikuwa bado hawajui wanataka kufanana na nani. Kia Opirus ya 2003 ukiitazama mbele unaona taa za duara za Mercedes E-Class, ukizunguka unaona Jaguar, yaani ni gari yenye starehe kabisa ndani ila nje imeazima kila kitu. Sonata ya katikati ya miaka ile watu walisema ni Honda Accord iliyobadilishwa nembo. SsangYong, Wakorea wengine, wao walitoa Rodius 2004, aliyechora ni Ken Greenley, Muingereza aliyewahi kuongoza kozi ya dizaini ya magari Royal College of Art, na mpaka leo watu wakipanga orodha ya magari yenye sura mbaya zaidi Rodius haikosi. Hii inanifanya niamini kwamba kumwita mzungu mwenye jina hakutoshi. Lazima huyo mtu apewe nguvu.

Na ndo Kia walichofanya. 2006 Chung Eui-sun, mtoto wa Mong-koo, ambaye wakati ule alikuwa rais wa Kia, akamvuta Peter Schreyer kutoka kundi la Volkswagen. Schreyer ni Mjerumani, mmoja wa watu walioizaa Audi TT. Swali lake la msingi lilikuwa rahisi: ukiona gari kwa mbali kwenye kioo cha nyuma unajuaje kwamba ni Kia? Wakati ule jibu lilikuwa hujui. Akaleta ile sho ya mbele (grili) wanayoiita pua ya chui milia, mstari wa juu na wa chini vyote vimebonyea katikati kuelekeana, ikaonekana mara ya kwanza kwenye gari ya maonyesho iitwayo Kee, Frankfurt 2007. Ukitazama picha ya Sportage ya 2010 au Optima ya mwaka huo, ile waliyoiita K5 kwao, utaiona vizuri. Ni kitu kidogo lakini kiliwekwa kwenye kila gari, ndogo na kubwa, na hilo haliwezekani kama mchoraji hana sauti mbele ya injinia na mhasibu. Kia walimpa sauti, na kufika 2013 alikuwa na cheo cha rais ndani ya Kia na anasimamia dizaini ya kampuni zote mbili, kitu ambacho kwa kampuni za Korea na mgeni kutoka nje hakikuwa cha kawaida.

Hyundai wao wakaja na Sonata ya 2009, mistari inatiririka toka taa ya mbele mpaka nyuma kama maji, na kwa mara ya kwanza familia ya Marekani inayotafuta gari ya kawaida ikaangalia Toyota Camry ikaangalia Sonata ikasema Camry mbona imezeeka. Alafu kuna ile video ya maonyesho ya magari ya Frankfurt 2011. Martin Winterkorn, bosi wa Volkswagen wakati ule, anaingia kwenye Hyundai i30 amezungukwa na watu wake, anashika usukani anaushusha anaupandisha, hakuna mlio wowote. Anamwita Bischoff, mkuu wake wa dizaini, anamuuliza kwa Kijerumani kwa nini hawa wanaweza, BMW hawawezi, sisi hatuwezi? Mtu anayetengeneza Golf analalamika kuhusu usukani wa Hyundai! Kwangu mimi ushahidi ule una uzito kuliko tuzo yoyote, hakuwa anatangaza biashara ya mtu, alikuwa na hasira za kweli.

Na hapo hapo, kwenye ile ile Sonata nzuri, ndo kulikuwa na mdudu.

Injini inaitwa Theta II, ya 2.0 na 2.4 yenye sindano zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Zile zilizotengenezwa kiwanda cha Alabama, Marekani, wakati wa kuchonga krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna vichembe vya chuma vilibaki bila kusafishwa vizuri. Fikiria njia ya oili ndani ya injini, oili inapita kwenye beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, pale pana uwazi mdogo sana unaojazwa na oili tu, kikipita kichembe cha chuma kinachubua beringi, kikiziba kinapunguza oili, beringi inapata moto, inaanza kugonga, siku ya siku unaendesha barabara kuu injini inakamata, au konrodi inatoboa bloku na moto unawaka. 2015 Hyundai wakaita Sonata kama 470,000 Marekani, 2017 wakaongeza pamoja na Kia, jumla ya gari kama milioni 1.2 nyingine. Injinia wao mmoja huko Korea, Kim Gwang-ho, ndo alitoa taarifa kwa serikali kwamba kampuni inaficha ukubwa wa tatizo, akafukuzwa kazi. 2020 kampuni hizo mbili zikakubali adhabu ya jumla ya dola milioni 210, na 2021 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikamzawadia huyo bwana zaidi ya dola milioni 24. Namheshimu sana. Bila yeye watu wengi wangeendelea kuambiwa hukubadilisha oili kwa wakati.

Alafu likaja la wizi. Gari nyingi za Kia na Hyundai za Marekani za funguo ya kuzungusha ziliuzwa bila imobilaiza, ile chipu inayozuia gari kuwaka bila funguo yake. Kwa magari ya 2015 ni asilimia 26 tu ya aina zao ziliwekewa kama kitu cha lazima, wakati kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Vijana wakagundua unavunja plastiki ya chini ya usukani unazungusha kwa ncha ya waya wa USB, wakawa wanarekodi video, wizi ukafumuka kuanzia 2021 hivi. Canada walishaweka sheria ya kulazimisha imobilaiza tangu 2007 na Ulaya kabla ya hapo, kwa hiyo gari ile ile ya Kia ukivuka mpaka haina hilo tatizo. Hili linanikera kuliko hata Theta. Theta ni uzembe wa kiwandani uliofunikwa, hili ni watu wazima wamekaa mezani wakaamua kuokoa hela kidogo kwa kila gari kwa sababu sheria ya nchi hiyo haijawabana.

Kwa hiyo mtu wa Marekani akikwambia Hyundai ni kopo muulize anaongelea Excel ya 1986, Sonata ya 2011 au Kia iliyoibiwa 2022, ni lawama tatu zenye sababu tatu. Na mtu wa Ulaya atakuwa na hadithi tofauti kabisa, kwake Kia ni cee'd iliyotengenezwa Slovakia yenye waranti ya miaka saba, injini nyingine, kiwanda kingine, wala hajui unalalamika nini.

Upande wa sura mbio hazijasimama. Kwenye Ioniq 5 ya 2021, gari ya umeme ya Hyundai, walirudi kwa Pony ya Giugiaro, ile kona ya pembeni na nyuma iliyokatwa, wakaweka taa za vijisanduku vidogo vidogo vya mraba. Ikachukua tuzo ya gari bora ya dunia 2022, Ioniq 6 ikachukua 2023, Kia EV9 ikachukua 2024 na EV3 ikachukua 2025. Ukitaka kujua kwamba si sura tu, umeme wa Ioniq 5 ni wa volti 800, kwenye chaja yenye nguvu unatoka asilimia 10 mpaka 80 kwa dakika kama 18, kitu ambacho wakati inatoka ulikuwa unakipata kwenye Porsche Taycan. Hata hivyo kuna kifaa cha ndani kinachosimamia chaji ya betri kimewasumbua, 2024 wakaita tena gari nyingi kurudi gereji. Yaani mtindo wao ni ule ule, wanakimbia mbele haraka sana na wakati mwingine wanaacha kitu nyuma.

Na sisi je? Mbona Dar na Nairobi haya yote yanasikika kama habari za mbali? Jibu liko kwenye usukani. Gari zetu nyingi ni mtumba wa Japani kwa sababu Mjapani anapita kushoto kama sisi. Mkorea anapita kulia, usukani wake uko kushoto, kwa hiyo mtumba wa Seoul hautufai na Kenya hata kuusajili ni mtihani. Na Mjapani hakununua gari za Korea, Hyundai walikaa Japani 2001 mpaka 2009 wakauza kama 15,000 tu wakafunga virago, wakarudi 2022 na za umeme na haidrojeni. Kwa hiyo minada ya Japani haina Kia ya kukuletea. Gari zisipokuja kwa wingi spea haziji kwa wingi, spea zisipojaa Kariakoo na Kirinyaga Road fundi hazoei, fundi asipozoea anakwambia usinunue, usiponunua haziji. Hilo duara halina uhusiano wowote na ubora wa Kia. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, ambako usukani ni kushoto, wanashangaa wakitusikia, kule Elantra na Sportage ziko kila kona, zinapigwa jua la nyuzi 45 na zinapiga kazi.

Kwa anayetaka kununua huku, za usukani wa kulia zipo, ila zimetengenezwa kwa ajili ya Uingereza, Afrika Kusini, Australia au India. Uliza aina ya injini kabla ya rangi. Dizeli zao zina historia tofauti na ile Theta ya petroli ya Alabama. Na ukikutana na ya usukani wa kushoto, petroli ya 2.4 ya 2011 mpaka 2014 iliyotokea Marekani, sikiliza injini ikiwa ya baridi, ikigonga chini achana nayo hata kama ndani ni ngozi tupu.

Gari ninayoisubiri mimi ni Tasman, pikapu ya Kia iliyoonyeshwa Jeddah Oktoba 2024. Sura yake imegawa watu vibaya mno, hasa Australia, yale mapango ya matairi na taa zilizosukumwa pembeni wengi hawayataki kabisa, mimi binafsi nimeanza kuizoea. Chini yake ina chasi ya ngazi kama ya lori, dizeli ya 2.2 na inavuta tani 3.5, yaani inamfuata Hilux nyumbani kwake. Huko hakuna atakayeuliza tuzo za J.D. Power wala nani kachora pua. Wataipakia simenti waipeleke Kigoma masika.